Neno Nililoliongeza Mwenyewe

Katika chumba cha wakalimani kuna kiti cha pembeni, karibu na radieta inayopasha chumba joto. Kilikuwa changu kwa miaka kumi na tisa. Sasa anakikalia Furaha, na nimeambiwa amekiwekea mto mdogo wa kuegemea. Naanza na hilo ili ninyi mnaoingia kazini mjue mapema kwamba anayewaandikia ana wivu, na kwamba kustaafu hakujauponya.

Bi Patricia, aliyekuwa msimamizi wetu, aliniomba niandike kurasa chache kwa wakalimani wapya wa Kiswahili. Nadhani alitaka niwaambie mfike mapema na mvae beji. Fikeni mapema na mvae beji. Hayo nimeyamaliza. Yaliyobaki ni yale niliyoyakosea. Nimesoma hadi kidato cha nne tu, kwa hiyo mtanivumilia ninapojikwaa.

Sikuingia hospitali ile kama mkalimani. Niliingia kama pota, msukuma vitanda, kuwatoa wagonjwa wodini na kuwapeleka eksirei na kuwarudisha. Nilikuwa nimetoka Tanga miaka michache kabla, mimi na mke wangu Mwanaidi tunaishi chumba cha kupanga Kilburn, London. Siku ya kwanza sista wa wodi aliniuliza jina. Nikamwambia Hemedi. Alikuwa ameshika simu sikioni, akaitikia kwa kichwa, akaandika Henry. Beji ikatoka na Henry. Nikasema nitamweleza kesho. Kesho hiyo nilikuja kuiona baada ya miaka zaidi ya ishirini. Mwanaidi alipoiona beji alicheka mpaka akakaa chini, na kwa wiki nzima alinikaribisha mezani akisema, "Bwana Henry, chai tayari." Mimi nilimwambia jina la kazini ni kama ovaroli, unalivua ukifika nyumbani.

Ukalimani ulinikuta wodi ya wajawazito. Aliletwa mama mmoja kutoka kwetu Tanzania, hana Kiingereza hata cha kuombea maji, na nesi akakumbuka kwamba yule pota Henry anatoka huko. Nikaacha kitanda changu ukumbini nikaingia. Mama akaeleza, nami nikamgeukia nesi nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule: "He is bleeding since morning. His husband is coming." Nesi akainua pazia kumtafuta huyo mwanamume anayetoka damu.

Mnaojua Kiswahili mmeshaelewa. Kwetu yeye ni yeye. "Anatoka damu" ni sentensi nzima na haikwambii kama ni bibi au babu. Kila Mswahili aliyejifunza Kiingereza ukubwani amewahi kumwita mama yake mzazi "he" mbele za watu. Ni kosa letu sote, kama kovu la chanjo begani.

Aliyenisikia siku ile alikuwa Bi Hansa. Alikuwa mkalimani wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Kenton, mwembamba, amevaa sari na juu yake sweta la kijivu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini kazi aliijua kuliko sisi sote. Alisubiri mpaka mama yule ametulizwa, kisha akanivuta ukumbini akaniambia nina sikio zuri na ulimi mchafu. Baada ya hapo alinifundisha kwa miaka miwili, bila kuombwa na mtu yeyote.

Alinifundisha mahali pa kuketi: ubavuni mwa mgonjwa na nyuma kidogo, ili daktari na mgonjwa watazamane wao, wasikutazame wewe. Alinifundisha kuuliza neno nisilolijua badala ya kulipitia kwa hatua ndefu kama mtu anayeruka dimbwi. Na alinifundisha kanuni ambayo nawaomba muibebe hata mkisahau mengine: mkalimani husema "mimi". Mgonjwa akisema, "Naumwa kichwa," wewe humwambii daktari kwamba huyu anasema anaumwa kichwa. Unasema, "I have a headache." Sauti ni yake, wewe umemwazima mdomo.

"Sufuria si yako," Bi Hansa alizoea kuniambia. "Mpishi yuko pale, mwenye kula yuko pale. Wewe beba tu. Usionje, usiongeze chumvi."

Lile kosa la "he" na "she" liliniaibisha sana, nikaamua kuling'oa kabisa. Nikipanda basi asubuhi nakaa ghorofa ya juu, natazama watu wanavyopita Kilburn chini yangu, nawapanga kimoyomoyo: he, she, she, he, mtoto sijui, she. Miezi sita nilifanya hivyo. Mwishowe ulimi wangu ukanyooka. Wenzangu wa Nairobi na wa Bukavu waliendelea kuteleza, mimi sikuteleza tena. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote, na ndilo lililokuja kunihukumu.

Kazi yenyewe niliipenda. Nilipenda hasa maneno yanayokutega. Mtu akikwambia "mguu unaniuma", Mwingereza anataka kujua: tangu wapi mpaka wapi? Maana mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Nimemwona daktari akibonyeza goti la mzee kwa dakika nzima, na mwenye mguu wake ana mwiba kisiginoni. Kwa hiyo ikawa desturi yangu kuuliza: mguu wapi, paja, muundi, au unyayo? Upande gani? Mmoja au yote miwili? Madaktari wa kliniki ya miguu walinipenda kwa sababu hiyo. Nilikuwa mtu wa kuulizwa. Wakalimani wa Kiswahili walikuja na kuondoka, na mimi nikabaki na kiti changu na radieta yangu.

Kisha akaja Furaha.

Furaha ni mtu wa Bukavu, mama wa watoto watatu, kanisani kila Jumapili na nusu ya Jumamosi. Bi Patricia alimchukua kwa sababu wagonjwa Wakongo walikuwa wameongezeka. Kiswahili chake kilinichoma masikio. Alisema "bantu banasemaka", yaani watu husema, na "kitu iko hapa", na mimi niliyefundishwa ngeli kwa kiboko nilikuwa nakunja uso kama niliyemeza kwinini. Alikuwa hajui hata shikamoo. Siku moja kijana wa Morogoro alimwamkia, "Shikamoo," naye akamjibu kwa furaha yote, "Shikamoo na weye." Nililisimulia hilo kwa wiki nzima. Nilimkalisha nikamfundisha kama mtoto: mdogo anasema shikamoo, mkubwa anajibu marahaba. Alirudia "marahaba, marahaba" huku akimenya chungwa, na wala hakuona haya.

Kiingereza chake kilikuwa na mashimo yale yale yetu. Alimwita "she" daktari bingwa mwenye ndevu mpaka kifuani, mbele yake, na daktari akacheka mpaka akavua miwani. Ningefanya mimi kosa hilo nisingelala. Yeye aliomba radhi, akacheka naye, kazi ikaendelea.

Nilingoja wagonjwa walalamike. Hawakulalamika. Walianza kumwomba kwa jina. Kwanza Wakongo, nikasema sawa, hao ni wake. Kisha Waburundi. Kisha mzee mmoja Mgunya, mtu wa pwani kama mimi, akamwambia Bi Patricia kwamba yule mama Mkongo "anasikiliza". Kana kwamba mimi nilikuwa na pamba masikioni. Ukutani kulikuwa na ubao wenye majina na saa za miadi, na kila asubuhi nilikuwa naingia natazama jina lake limeandikwa mara ngapi kabla sijavua koti.

Hali ikiwa hiyo ndipo alipokuja Zuhura. Jina hili si lake. Amelichagua mwenyewe kwa ajili ya kurasa hizi, na mwishoni nitaeleza ilivyokuwa.

Zuhura alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alizaliwa pwani yetu, akaandikwa mvulana, na alipokuwa mtu mzima akaishi kama mwanamke alivyojijua. Kwa sababu hiyo alikimbia kwao. London alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia mashuka ya hoteli, ana ugonjwa wa sukari, na alikuwa amepata kidonda chini ya unyayo. Mnajua sukari inavyofanya miguu: inatia ganzi, mtu anakanyaga msumari hajui. Kidonda kama hicho kikitazamwa kila wiki kinapona. Kisipotazamwa kinakula mguu. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwetu, mguu wa mtu.

Miadi ya kwanza alikwenda Furaha. Ya pili Furaha alikuwa na mtoto mgonjwa, nikapewa mimi. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilijiambia, huyu ni mtu wa kwetu, leo atasikia Kiswahili.

Karatasi ya miadi ilikuwa na jina lake lote, na mbele yake imeandikwa Miss, na chini daktari wake wa mtaani ameandika waziwazi kwamba mgonjwa ni mwanamke na aitwe "she". Niliisoma. Sitaki mtu aseme sikuisoma.

Alikuwa ameketi kwenye chumba cha kungojea, amevaa dera la maua na juu yake koti la mvua, mguu mmoja umefungwa bendeji. Aliponiona mtu mzima na sura ya kwao alijaribu kusimama.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, kaka," nikamjibu.

Nataka mlitazame jibu hilo kama mafundi. Kiswahili kilikuwa kimenipa neno tayari: marahaba, mwanangu. Halibagui, lina upole, na lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu utoto. Nililiruka nikaenda kuchukua "kaka".

Akakaa. Nikajitambulisha: mimi ni Henry, mkalimani wako leo. Akaisoma beji.

"Henry?" akasema. "Mtu wa Tanga, Henry?"

Nikamwambia ndiyo jina la hapa.

"Haya. Mimi Zuhura," akasema taratibu, na akaweka kidole kwenye karatasi yangu. "Imeandikwa hapo, baba."

Tukaingia. Daktari wa miguu, mwanamke mpole, alimwuliza kidonda kina muda gani. Zuhura akajibu wiki tatu. Na mimi, mtu wa kusema "mimi" kwa miaka yote ile, nikageuka nikasema: "He says three weeks." Daktari akanitazama, akasema, "She." Nikatabasamu, nikamwambia samahani, Kiswahili hakina tofauti hiyo, ulimi unateleza. Akakubali, kwa nini asikubali? Kisha nikasema "he" tena. Na tena. Kila nikisema namwona Zuhura anasinyaa kidogo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hayo maneno mawili aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote chumbani.

Mwishoni alikuwa anajibu kwa neno moja moja. Daktari aliuliza kama kuna maumivu mahali pengine. "Mguu tu," akasema Zuhura. Mguu tu! Hapo ndipo kwa kawaida ningeuliza: mguu wapi, mmoja au yote miwili? Sikuuliza. Nikatafsiri "just the foot", tukatoka. Alikuwa na kidonda kingine kidogo kinachoanza kwenye kidole cha mguu wa pili, ndani ya soksi. Hakukisema kwa sababu hakutaka kukaa na mimi dakika moja zaidi.

Mngedhani ningeishia hapo. Siku ya pili Zuhura alipiga simu akaomba Furaha. Nililiona kwenye ubao. Mtu wa pwani yangu, anayejua shikamoo na marahaba, ananikimbia mimi na kwenda kwa mtu anayesema "kitu iko hapa". Nikaenda kwa Bi Patricia nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa taaluma, kwamba mgonjwa yule ni wa pwani, Kiswahili cha Kongo kitamchanganya, na kwa usalama wake ni bora nimchukue mimi. Bi Patricia hajui Kiswahili. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mkubwa kazini. Akafuta Furaha akaandika Henry.

Zuhura alipopata ujumbe wa miadi ukiwa na jina langu, hakuja. Nikaketi kliniki nusu saa, nikasaini fomu, nikaondoka. Wiki iliyofuata hakuja tena. Nilimwambia daktari, huku nikitikisa kichwa kwa masikitiko, kwamba watu wetu wengine hawajali miadi. Nalikumbuka hilo kuliko yote.

Mara ya tatu aliletwa na gari la wagonjwa, ana homa. Siku ile hakuna aliyetazama ubao, Furaha aliitwa moja kwa moja. Wakamfanyia upasuaji, wakamkata vidole viwili vya mguu, ule wa pili, ule ambao sikuuulizia.

Daktari wa miguu alikuwa ameandika katika faili kwamba mkalimani aliendelea kusema "he" hata baada ya kusahihishwa. Bi Patricia akaniita. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama ni tatizo la lugha. Hapo mlango ulikuwa wazi, ningeweza kusema kweli. Nikasema ni tatizo la lugha. Waswahili wote wanachanganya, nikamwambia. Muulize hata Furaha.

Akamwuliza. Nilikuwa kwenye kiti changu Furaha aliporudi. Hakuvua koti. Alisimama mbele yangu, mikono mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kicheko karibu.

"Mzee Hemedi," akasema, maana yeye alikuwa amelijua jina langu kwa Mwanaidi na alilitumia, "nimesema kweli ya Kiswahili. Kweli ya weye sijasema."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mi nakosea. Kila siku nakosea, bantu banacheka. Weye haukosei. Miaka sita nakusikia, haujakosea hata mara moja. Tena weye unasemaka 'I'. Weye ndiye ulinifundisha nisemake 'I'. Sasa ile 'he' ilitoka wapi?"

Mtu anayesema "mimi" hahitaji "he" wala "she". Ili niweze kusema neno lile ilinibidi kwanza niivunje kanuni ya kazi yangu, nitoke mdomoni mwa mgonjwa, nisimame pembeni, nimnyooshee kidole. Ulimi hautelezi safari ndefu hivyo.

Nilimwuliza, kwa ukali wa mtu aliyeshindwa, yeye alimfanyia nini Zuhura hata amfuate hivyo.

"Nilimuuliza tu, nikuite namna gani? Akasema dada. Nikamuita dada." Akainua mabega. "Ni ile tu, mzee."

Nilitaka iwe uchawi au upendeleo. Kumbe lilikuwa swali, na mimi ndiye fundi wa maswali: mguu wapi, upande gani, mmoja au miwili.

Jumamosi ile nilikwenda Kenton. Bi Hansa alikuwa amestaafu zamani, macho yamepungua, lakini chai yake ilikuwa na tangawizi kama kawaida na sahani ya chevda ya kutafuna pembeni. Nilimweleza yote. Nilitegemea anikaripie kuhusu chumvi na sufuria. Nilipomaliza akaniuliza jina langu.

Nikacheka. Nikamwambia, Bi Hansa, unanijua.

"Mimi najua Hemedi," akasema. "Mke wako aliniambia mwaka wa kwanza. Wewe uliniambia Henry. Mimi nikangoja. Nikasema, siku moja huyu atanisahihisha. Mpaka nimestaafu." Akasukuma sahani upande wangu. "Yule binti alikwambia jina lake kabla hamjaingia kwa daktari. Ndiyo maana ulikasirika. Si mambo ya dini, usinidanganye. Wivu."

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni malezi, ni umri, ni nilivyofundishwa nyumbani. Na kweli nilifundishwa hivyo, sitakana. Lakini nilikuwa nimewakalimania wezi, walevi, na mtu mmoja aliyempiga mkewe, na wote niliwasemea "mimi" bila kuongeza punje. Wao hawakuwa na kitu nilichokitamani. Zuhura alifika na bendeji mguuni na Kiingereza cha maneno arobaini, akaweka kidole kwenye karatasi akasema mimi ndiye huyu. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na miaka ishirini kazini, na nilikuwa bado nasema nitamweleza kesho.

Jumatatu niliingia kwa Bi Patricia nikamwambia haikuwa lugha. Nikamwambia na la pili, kwamba nilimchukua mgonjwa kwa hila. Sitaeleza mengi ya baada ya hapo. Nilisimamishwa miezi mitatu. Niliporudi nilipelekwa kwenye darasa la siku mbili, na aliyeitwa mbele kuonyesha namna ya kumpokea mgonjwa na kumwuliza anavyotaka kuitwa alikuwa Furaha. Nilikaa mstari wa nyuma na wivu wangu kama mtoto na kopo lake la uji. Alifanya vizuri. Ngeli zake zilikuwa mbaya vile vile.

Nilimwandikia Zuhura barua kupitia Bi Patricia. Sikupata jibu, na hakuwa na deni la kunijibu.

Kisha nikaomba beji mpya. Msichana wa ofisi alidhani nimeoa upya au nimebadili dini. Wenzangu walinichanganya: mmoja Hamidi, mwingine Ahmed, daktari mmoja akaendelea na Henry mpaka nilipostaafu. Kila mara nilisema, "Hemedi, tafadhali," na kila mara nilijiona msumbufu kwa jambo dogo kama hilo. Na mimi nilikuwa nasahihisha jina tu, mbele ya watu walionitakia mema.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mfupi. "Yeye" haitawatia matatani, lugha yetu imetuhurumia hapo. Matata yako kwenye salamu: dada, kaka, mama, baba, binti. Msizigawe kwa macho, kama nilivyokuwa nikigawa wapita njia. Ulizeni kabla hamjakaa: nikuiteje? Halafu semeni "mimi" mpaka mwisho.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa natoka kliniki ya macho, nikawakuta ukumbini Furaha na Zuhura. Zuhura ana fimbo na viatu maalumu, vile vipana vya kamba. Alikuwa ndiyo kwanza anafika. Furaha hajamzidi hata miaka kumi, lakini nilimsikia Zuhura akimwambia, "Shikamoo, dada." Na Furaha akajibu, "Marahaba," vilevile nilivyomfundisha mimi wakati anamenya chungwa.

Kisha Zuhura akanigeukia. Nilisimama nikingoja shikamoo. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, wa pwani yake.

"Hujambo, mzee," akasema.

Hujambo. Kama unavyomwambia mtoto wa jirani. Nikaipokea.

"Sijambo, dada Zuhura. Ile siku sikuteleza. Nilifanya makusudi."

"Najua," akasema. "Nilikuwapo." Akaitazama beji yangu. "Hemedi. Kumbe si Henry."

"Si Henry."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe," nikasema.

"Basi na mimi hivyo hivyo," akasema, na akaanza kutembea, fimbo kwanza, kisha mguu, na Furaha ubavuni mwake na nyuma kidogo, mahali panapostahili.

Nilipoombwa kurasa hizi nilimtuma Furaha akamwulize kama naweza kumwandika. Jibu lilikuja na masharti mawili. Nisitumie jina lake halisi, aitwe Zuhura. Na nisiandike kwamba amenisamehe.

Sijaandika.